Kivumbasi uani: jinsi ya kukipanda, kukikata na kukitunza Dar es Salaam

Kivumbasi ni mmea wa kudumu. Ukikipanda vizuri utakaa nacho miaka mitatu, minne, hata zaidi, kikikupa majani na maua karibu mwaka mzima bila kudai mbolea ya dukani wala dawa ya kupuliza. Lakini pita mitaa ya Sinza, Temeke au Tabata uangalie vile vilivyopandwa magetini: vingi vimebaki mashina marefu makavu, majani machache kileleni, vishada vya maua vilivyokauka vinaning'inia. Mwenye nyumba atakwambia kimezeeka. Mara nyingi hakijazeeka, ila hakijakatwa. Mmea huu unaishi kwa panga, na anayeuonea huruma ndiye anayeuua. Nitaeleza udongo, maji na mbolea, lakini ukiwa na haraka soma kwanza sehemu ya kukata. Ndiyo yenye uzito.

Hakikisha ndicho chenyewe

Watu huita kivumbasi mimea zaidi ya mmoja. Mwongozo huu ni wa kile kikubwa, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Ocimum gratissimum. Vitabu vya zamani vilikiandika Ocimum suave. Kikiachwa kinapita kimo cha mtu. Shina lake changa ni la pembe nne, ukilizungusha kati ya vidole utazihisi. Kwa chini linageuka kahawia na kuwa gumu. Jani lina meno pembeni na vinyweleo vidogo, linakwaruza kidogo mkononi.

Kisha likate, ulifikiche, unuse. Vivumbasi vingi vinanukia kama karafuu kwa sababu mafuta yake yana eugenoli, ileile inayoipa karafuu harufu yake. Vingine vina thimoli nyingi na vinanukia kama dawa ya kuchua. Vyote ni kivumbasi. Ila chagua harufu unayoipenda kabla hujaomba tawi, kwa sababu mche utokanao na tawi hunukia vilevile kama mama yake. Ukikosea hapo utaishi na harufu usiyoitaka kwa miaka.

Kuna kivumbasi kidogo, kimo cha goti, kinachojiotea kando ya njia. Hicho maisha yake ni mafupi, usikitegemee. Na kuna mrehani, ule wa kutilia kwenye vikuba pamoja na asmini: jani lake ni laini zaidi na harufu yake ni tamu. Kama umepewa mbegu na huna hakika ni za nini, tia chache kwenye kijiko cha maji. Za mrehani zitavimba na kuvaa ute baada ya dakika chache, kama zile za kwenye faluda. Za kivumbasi kikubwa zitabaki kama zilivyo.

Mahali pa kupanda

Kinataka jua, saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe kitakua, ila kitarefuka kikitafuta mwanga, majani yatakuwa mapana na mepesi, na harufu itapungua.

Jambo la pili ni maji yasituame. Ndani ya mji huu mmoja udongo unabadilika sana: Kigamboni, Mbagala na sehemu nyingi karibu na pwani ni mchanga, mabondeni, kwa mfano kando ya Mto Msimbazi, ni mfinyanzi unaoshika maji. Mchanga kivumbasi kinauvumilia vizuri sana. Mfinyanzi uliolowa ndio unaokimaliza. Kupima ni rahisi: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, rudi baada ya saa moja. Yakiwa yamekwisha, panda hapohapo. Yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, inua tuta la sentimita 20 hadi 30 au tumia ndoo.

Halafu tazama watu wa nyumbani wanapita wapi. Mafuta ya kivumbasi yamo kwenye vifuko vidogo mno juu ya jani, na vifuko hivyo hupasuka vikiguswa. Mmea uliojificha kona ya nyuma haunukii kwa mtu. Ukiwa kando ya njia ya kwenda bombani, au pembeni ya mlango ambapo khanga na kanzu zinaupangusa kila anayepita, nyumba nzima inaufaidi. Acha nafasi ya mita moja hivi kutoka ukutani: ukuta wa matofali unaopigwa na jua la mchana hutema joto hadi usiku, na wewe utahitaji kuuzunguka mmea ukiwa na mkasi. Kaa mbali na shimo la maji machafu, kwani majani haya yataingia ndani ya nyumba na pengine kwenye kikombe.

Udongo, samadi na chombo

Ukipanda ardhini, chimba shimo la sentimita 40 kwenda chini na 40 kwa upana, changanya udongo uliotoka na nusu debe ya samadi iliyoiva, urudishe. Hapo umemaliza.

Kwa wanaoishi ghorofani au kwenye nyumba ya kupanga isiyo na ua, ndoo ya lita 20 au dumu la mafuta ya kula lililokatwa juu linatosha. Usishuke chini ya lita 15. Kwenye kopo dogo mizizi inajizungusha na mmea unadumaa. Toboa matundu matano au sita kwa msumari uliopashwa moto, kila moja lipitishe kidole kidogo, uyafunike kwa kipande cha kigae au kumbi la nazi ili udongo usichuruzike. Dumu jeusi linachemka juani, livalishe kiroba cheupe.

Udongo wa ndoo uwe hivi: sehemu mbili za udongo wa kawaida wa bustani, moja ya mchanga, moja ya samadi. Kama udongo wako tayari ni mchanga, acha kuongeza. Mchanga wa baharini usiutumie kabisa, una chumvi. Pumba za mpunga zikipatikana changanya kidogo, zinafanya udongo upumue.

Kuhusu samadi, nasisitiza neno "iliyoiva". Samadi ya kuku ndiyo inayopatikana kirahisi mjini kwa sababu wafugaji wa kuku wa nyama wako kila mtaa, na ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Irundike mahali pakavu, inyunyizie maji kidogo, igeuze kila wiki. Tumbukiza mkono katikati ya rundo: ukikuta bado kuna vuguvugu au pua inachomwa, subiri. Kwa kawaida mwezi mmoja hadi miwili unatosha. Ya ng'ombe ni tulivu zaidi. Chicha la nazi usilimwage kwenye shina ukidhani ni mbolea. Linachacha na kuita sisimizi na panya.

Kupata mche

Tawi ni bora kuliko mbegu: ni la haraka na unajua harufu utakayoipata. Na kivumbasi hakikosi mtaani. Piga hodi. "Shikamoo mama, naomba tawi la kivumbasi." Mara nyingi jibu ni "Marahaba, kata mwanangu, kata na mengine," kwa sababu chake kimefunga njia. Ukikosa kabisa, uliza kwenye vitalu vya miche vya barabarani, kama vile vilivyo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Hapo inamisha kiriba uangalie chini: mizizi myeupe inayochungulia ni dalili njema, mizizi myeusi yenye harufu ya uozo, rudisha.

Hatua za kuotesha tawi:

1. Asubuhi mapema au jioni, chagua tawi la mwaka huu ambalo si laini kama mchicha wala halijawa kuni. Ukilipinda linapinda kidogo kisha linavunjika. Lisiwe na maua. Likiwa nayo, yakate yote, maana tawi lenye maua halihangaiki na mizizi.
2. Kata urefu wa sentimita 15, chini kidogo ya fundo, yaani pale majani mawili yanapotokea. Mizizi hutokea kwa wingi hapo.
3. Ondoa majani ya chini, bakiza jozi mbili za juu. Kama ni makubwa, yakate nusu kwa mkasi ili yasikaushe tawi.
4. Chomeka kwenye mchanga safi uliolowa, mafundo mawili yakiwa chini. Bilauri ya maji nayo inafaa, ila ubadilishe maji kila baada ya siku mbili, na mizizi inayoota majini ni dhaifu kidogo ikihamishwa.
5. Weka kivulini penye mwanga. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Chomeka matawi matano ukitaka mawili. Mengine yatakufa na si kosa lako.
6. Baada ya wiki mbili hadi tatu vuta taratibu. Likigoma, limeshika mizizi.

Mbegu ni za mwenye subira. Ni ndogo sana, na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie: zimwage juu ya udongo laini, zikandamize kwa kiganja, nyunyiza maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Zitaanza kuota kati ya wiki moja na mbili. Hatari kubwa siku hizo ni kuku na mvua kali, kwa hiyo weka kitalu juu ya meza au kifunike kwa chandarua kikuukuu. Miche ikifika sentimita 10, hamisha.

Wakati wa kupanda

Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua. Masika huanza Machi na kwenda hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Otesha matawi Februari, upande ardhini mvua za kwanza za Machi zikishalainisha udongo. Ukichelewa, otesha Septemba upande Oktoba. Januari na Februari jua ni kali na mvua haba. Usipande ardhini miezi hiyo isipokuwa una maji ya uhakika. Kati ya mmea na mmea acha mita moja. Utaona pamebaki wazi sana. Subiri miezi minne.

Panda jioni. Mwagilia, weka matandazo ya majani makavu au makumbi yaliyochambuliwa, na usiyagandamize shinani. Acha nafasi ya vidole vinne ili shina lisioze. Kama mnafuga kuku wa kienyeji, zungushia mawe, watafukua siku ya kwanza.

Maji

Wiki tatu za mwanzo mwagilia kila baada ya siku moja. Baada ya hapo kivumbasi cha ardhini kinataka maji mengi mara chache: ndoo nzima mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi ni bora kuliko kikombe kila siku. Maji ya kikombe yanaishia juu, mizizi nayo inabaki juu, na siku ya mgao wa maji mmea unanyauka. Maji yakishuka chini, mizizi inayafuata. Cha kwenye ndoo ni tofauti, jua la Januari linaweza kukidai maji kila siku. Chomeka kidole hadi fundo la pili. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Kuna tatizo la Dar ambalo miongozo ya kutoka kwingine hailigusi, nalo ni kisima cha chumvi. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, na sehemu nyingi za pwani yana chumvi. Kivumbasi kinavumilia kiasi, lakini kwenye ndoo chumvi inajikusanya kwa sababu maji yanakauka na chumvi inabaki. Dalili zake: utando mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa ndoo, kisha ncha na pembe za majani zinageuka kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. Wengi wakiona hivyo huongeza mbolea, na mbolea nayo ni chumvi. Dawa yake ni kuusuuza udongo: chukua maji ya mvua au ya bomba, mimina taratibu ndoo mbili au tatu kwenye chombo kimoja mpaka yatoke chini mengi, ukwangue ule utando wa juu. Mvua ya masika inafanya kazi hiyo bure, kwa hiyo toa vyombo vyako barazani uviweke mvuani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni ya unga usiyazoee.

Kosa linaloua vivumbasi vingi wakati wa masika ni hili: majani yananyauka, mwenye mmea anadhani ni kiu, anaongeza maji. Kumbe mizizi imezama na imeanza kuoza, haiwezi tena kuvuta maji hayo yaliyoizunguka. Kabla ya kumwagilia mmea ulionyauka, gusa udongo. Ukiwa umelowa, mkono wako usiende kwenye ndoo, uende kwenye jembe: chimba mfereji wa kuondoa maji, au inua chombo juu ya matofali mawili.

Kukata

Kivumbasi kisipokatwa kinafanya kile ambacho kila mmea unataka kufanya: kinatoa maua, kinatengeneza mbegu, na kikishatengeneza mbegu hakioni sababu ya kutoa majani mapya. Majani ya chini yanaanguka, shina linakuwa gumu, uzito wote uko juu, na siku moja upepo wa kusi unalipasua kwenye panda. Kila unapokata ncha, mmea unalazimika kuamsha macho mawili yaliyo kwenye kwapa za majani yaliyo chini ya pale ulipokata. Tawi moja linakuwa mawili. Ukiyakata hayo yanakuwa manne, kisha manane. Hivyo ndivyo kichaka kinavyopatikana.

Ukataji wa kwanza unafanywa mapema kuliko watu wanavyothubutu. Mche ukifika sentimita 20 hadi 25, ng'oa ncha yake kwa kucha, juu ya jozi ya nne ya majani. Baada ya wiki moja angalia kwa karibu pale majani yanapoungana na shina: utaona vijani viwili vya kijani kibichi, vidogo kama punje ya mchele. Vikifika urefu wa kidole, vikate ncha navyo. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kukiacha kichanue. Hutapata maua kwa miezi miwili na zaidi, na itakuuma. Vumilia.

Ukataji wa pili ni wa kuvuna. Kila wiki tatu au nne toa hadi theluthi moja ya mmea, ukikata juu ya fundo lenye majani, si katikati ya kijiti kitupu. Kijiti kitupu kinakauka kurudi chini na kuingiza uozo.

Ukataji wa tatu ndio mkubwa, na ni mara mbili tu kwa mwaka: mvua za Machi zikishatulia ardhini, na tena Oktoba vuli ikianza. Shusha mmea wote hadi sentimita 30 au 40 kutoka ardhini. Tumia mkasi wa kupogolea au panga kali, lililooshwa kwa sabuni, ukate kwa kuteremka upande ili maji ya mvua yasikae juu ya kidonda. Hakikisha kila shina unalobakiza lina walau fundo moja au mawili yenye majani au macho mabichi. Ukimaliza mmea utaonekana umeharibika. Weka makonzi mawili ya samadi iliyoiva kuuzunguka, mwagilia mara moja, kisha punguza maji: mmea usio na majani haunywi sana, na udongo ukilowa siku zote mizizi itaoza. Ndani ya wiki mbili au tatu utaanza kuchipua upya tangu chini.

Usifanye ukataji huu Januari wala Februari. Mashina yaliyozoea kivuli cha majani yake yenyewe yataunguzwa na jua.

Umerithi kivumbasi cha miaka, mashina yote ni kuni na majani yako juu tu? Hicho usikishushe chote kwa siku moja, kinaweza kukataa kuchipua. Kata nusu ya mashina, yale mabaya zaidi. Subiri chipukizi zitokee chini, kisha umalizie nusu nyingine. Na kabla hujaanza, chukua matawi ya kuotesha kutoka kileleni, kama akiba.

Maua na nyuki

Sitaki ukate mpaka usione ua hata moja. Maua ya kivumbasi hayana rangi ya kuvutia, ni meupe yenye ukijani au umanjano kidogo, yamepangika sita sita kuzunguka kijiti. Lakini simama karibu nayo saa mbili asubuhi. Nyuki wa kawaida watakuwepo, na wale wadogo weusi wasiouma, wakipanda kutoka ua la chini kwenda la juu kwa sababu kishada hufunguka kuanzia chini. Mwenye mtango au mboga nyingine zinazohitaji kuchavushwa atapata faida.

Kwa hiyo gawanya. Kama una mimea miwili, mmoja uwe wa majani na mwingine wa maua, kisha badilisha msimu ujao. Kama ni mmoja, acha upande mmoja uchanue. Kishada kikianza kuwa kahawia theluthi ya chini, kikate, isipokuwa unachokitaka kwa mbegu. Cha mbegu kiache kikauke chote, kikate asubuhi kukiwa shwari, kigeuze juu ya gazeti na ukigonge kwa kidole. Kila kikombe kidogo cha ua kina nafasi ya mbegu nne. Puliza makapi, weka mbegu kwenye bahasha, uandike mwezi na mwaka.

Wadudu na magonjwa

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, usiwalaumu bado. Geuza majani ya ncha. Utakuta vidukari vimejipanga, na sisimizi wanavilinda kwa ajili ya utamu vinaoutoa. Vioshe kwa maji yenye nguvu, siku tatu mfululizo. Vikirudi, kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, suuza kesho yake. Miezi ya ukame huja utitiri: majani yanakuwa na vitone vya manjano na utando mwembamba chini yake. Nao unachukia maji, upige kwa chini. Konokono hula miche usiku wakati wa masika. Watoe kwa mkono ukiwa na tochi.

Kwenye udongo wa mchanga kuna minyoo fundo, hii huioni mpaka ung'oe. Mmea unadumaa, unanyauka mchana na kuamka usiku, mbolea haisaidii. Ukiung'oa unakuta mizizi imejaa vinundu kama shanga zilizotungwa ovyo. Huo hauponi. Utoe na mizizi yake yote, uuchome, usirundike kwenye mboji. Hapo ulipokuwa usipande nyanya wala bamia, zinashambuliwa na minyoo hiyohiyo. Hamia kwenye ndoo yenye udongo mpya.

Je, kinafukuza mbu?

Hili ndilo linalowafanya wengi wakipande, na linahitaji jibu la kweli. Tafiti zilizofanywa Kenya na Tanzania kwa mimea ya jamii ya kivumbasi, mingine ikiwa hai na mingine kwa kufukiza majani, zimeona mbu wakipungua. Wakipungua, si wakiisha. Mmea ulioko nje ya dirisha hauwezi kuchukua nafasi ya chandarua, na mwenye mtoto mdogo asithubutu kukiondoa. Kinachosaidia zaidi ni kuvunja matawi mabichi jioni na kuyafikicha, au kutupa machache juu ya makaa barazani mnapokaa. Moshi huo usiwe chumbani kwa mwenye pumu wala mtoto mchanga.

Na kuna jambo linalonisikitisha ninapoona bustani za vyungu. Sahani zinazowekwa chini ya vyungu kukinga maji ni mazalia ya Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengi, anayeuma mchana wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Dar es Salaam ilikuwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu hukamilika kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo ondoa sahani kabisa, au zimwage na kuzisugua kila baada ya siku tatu, maana mayai hugandamana pembeni na kustahimili ukavu. Kupanda kivumbasi ili kufukuza mbu huku ukiwafuga chini yake ni kazi bure.

Kuvuna na kutunza majani

Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla maua hayajafunguka. Hapo harufu ni nzito. Funga matawi machache machache, yaning'inize kivulini penye upepo. Juani yanakauka haraka lakini harufu inaondoka. Kwa unyevu wa Dar, hasa Aprili na Mei, fungu nene huota ukungu katikati kabla hujajua. Jani lililokauka vizuri linavunjika likisikika. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko.

Wakulima sehemu nyingi za Afrika Mashariki huchanganya majani makavu na maharage au mahindi ili wadudu wasiingie. Nijeria majani mabichi ni kiungo cha mchuzi, Wayoruba hukiita efinrin. Jaribu machache kwenye supu ya samaki. Kwa kujifukizia mafua au kunywa kama chai, tumia kidogo, na mjamzito au mtu aliye kwenye dawa za hospitali aulize kwanza zahanati.

Kubadilisha mmea

Baada ya miaka mitatu au minne, hata kivumbasi kilichokatwa vizuri huanza kuchoka: chipukizi za baada ya ukataji wa Machi zinakuwa chache na nyembamba, na mashina ya katikati yanakufa. Usisubiri kife. Septemba otesha matawi sita kutoka kwenye sehemu yenye nguvu. Oktoba panda mawili mahali papya, si kwenye shimo lilelile, na manne wape majirani. Kile cha zamani kiache kivuke vuli ili uendelee kuvuna wakati vijana wanashika mizizi, kisha king'oe Januari, udongo ukiwa mkavu na mizizi ikiachia kirahisi. Mashina yake makavu yawekee kando. Yanawaka vizuri, na yakiwa jikoni bado yananukia.